Mwezi wa Jando na Miiko ya Wazazi

Mavuno yakisha kuingia ghalani, na shule zikisha kufungwa kwa likizo ya mwezi wa Juni, nchi ya Masasi na Newala hubadilika sura. Mabasi yatokayo Dar es Salaam hushusha watu wasioonekana nyumbani tangu mwaka uliopita: shangazi na mizigo yake, mjomba aliyenenepa, vijana wanaoanza kuisahau lugha ya bibi yao. Kila Jumamosi pana kusanyiko. Huku wavulana wanatolewa jandoni, kule wasichana wanachezwa unyago, na nyumba ya tatu inamkumbuka marehemu wake, kwa kuwa ndugu wote wamekwisha kufika na si vema kuwapa gharama ya safari mara mbili. Parokiani nako watoto wanajiandaa kwa Kipaimara, wanakwaya wanajifunza nyimbo mpya, na watoto wa Utoto Mtakatifu wana michezo yao uwanjani. Kwa muda wa mwezi mzima mtoto wa nchi ile hakosi ngoma, hakosi wali, wala hakosi mtu mzima wa kumwamkia.

Msomaji wa Bukoba au wa Mbeya asidhani kwamba habari hii ni ya watu wa kusini peke yao. Aliye Uchagani na aitazame Desemba yake, jinsi barabara ya Moshi inavyojaa magari ya wanaorudi kula Krismasi kwa wazee. Aliye Dar es Salaam na avikumbuke vikao vya kamati za harusi. Kila mahali tunayo majira ya kukusanyika, na twayapenda, na twafanya vema kuyapenda. Lakini yako swali moja ambalo makusanyiko hayo hutuletea, na mwezi wa jando hulileta kwa nguvu kuliko mengine, kwa sababu jando ni kusanyiko lililowekwa kwa ajili ya malezi ya mtoto. Je, mzazi aweza kuutimiza wajibu wake wa kulea kwa mikono ya watu wengine, mradi amewachagua vema na kuwalipa haki yao? Au iko sehemu ambayo hakuna awezaye kuishika kwa niaba yake?

Kwa faida ya wale wasioijua desturi hii, tuieleze kwa kifupi. Wavulana wa rika moja, wengi wao wa miaka kumi hivi, hutengwa na mama zao na kukaa kumbini, yaani katika kambi iliyojengwa porini. Zamani ngariba aliwatahiri huko huko. Siku hizi wengi hutahiriwa na tabibu. Wakiwa kumbini hufundishwa na wakubwa waliowekwa kwa kazi hiyo: heshima kwa wazee, uvumilivu, mambo ya mwili, na desturi za ukoo. Mjomba ana neno kubwa katika shughuli hiyo, kwa maana Wamakonde, Wamakua na Wayao wa sehemu hizo tangu kale huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kidonda kikisha kupona, wari huogeshwa, huvikwa nguo mpya, na kurudishwa mjini kwa shangwe. Wasichana nao wana unyago wao, chini ya makungwi.

Hayo yajulikana. Lililosahauliwa na wengi ni kwamba mtoto alipokuwa kumbini, wazazi wake waliobaki nyumbani nao walikuwa wamefungwa. Katika sehemu nyingi za kusini, baba na mama walishika miiko mpaka kidonda cha mtoto kipone. Hawakulala pamoja. Mahali pengine hawakutia chumvi katika chakula. Walijihadhari na ugomvi na matusi. Miiko ilitofautiana kijiji na kijiji, lakini maana yake ilikuwa moja: iliaminiwa kwamba mzazi akiuvunja mwiko, jeraha la mtoto halitafunga. Ikiwa mtoto alikawia kupona, watu hawakwenda kwanza kumshtaki ngariba. Waliwatazama wazazi.

Sisi hatuamini kwamba chumvi ya chungu cha mama yaweza kuozesha kidonda cha mtoto aliye mwendo wa saa nzima kutoka hapo. Kidonda huoza kwa uchafu, na huponywa kwa usafi na dawa, kama hospitali ya Ndanda ilivyowafundisha watu wa nchi ile kwa miaka mingi. Mwiko uliosimama juu ya hofu hauna budi kuanguka. Hata hivyo twaomba msomaji asiharakishe kucheka. Watu wale walimkabidhi mtoto wao kwa fundi wa kisu na kwa walimu wa mila, tena kwa imani yote. Na bado hawakujiona wamepumzika. Walijua kwamba afya ya mtoto aliye mikononi mwa wengine ingali imefungwa na mwenendo wa baba na mama. Walikosea juu ya njia ambayo mwenendo huo humfikia mtoto. Juu ya kufika kwake hawakukosea.

Jando la nchi ile lina historia ambayo Wakristo wa leo wangefaa kuijua. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule mwanachuoni wa Kiswahili, aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakafika Masasi na kuweka makao yao chini ya majabali makubwa ya mahali pale. Mwaka 1882 mji ule ulivamiwa na wapiganaji kutoka Ungoni, na baadhi ya Wakristo wakatafuta usalama upande wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Ndivyo Kanisa la Anglikana lilivyoshika mizizi huko. Wabenediktini wetu walifika Lukuledi mwaka 1895. Misioni zao zikachomwa moto katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, na mwaka uliofuata wakaanza Ndanda. Pande zote mbili zilikutana na jambo lile lile. Mkristo aliyekatazwa jando hakuacha kumpeleka mwanawe. Alimpeleka kwa siri, kisha akaja kutubu.

Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Anglikana wa Masasi tangu mwaka 1926 mpaka 1944, alijaribu njia nyingine tangu alipokuwa bado padre. Pamoja na mapadre Waafrika, ambao bila wao asingefanya lolote, alilitwaa jando na kulitia ndani ya Kanisa: kambi ikawa na mafundisho ya dini na sala, yale yasiyopatana na Injili yakaondolewa, na wari wakarudi nyumbani kupitia kanisani. Mwanahistoria Terence Ranger aliyechunguza habari hizo, katika maandishi yake ya mwaka 1972, alionyesha jinsi kazi ile ilivyokuwa ngumu, hasa kwa upande wa wasichana. Hatukusudii kuihukumu hapa. Twaiheshimu, maana ilitoka kwa watu walioona kwamba mila ya watu si takataka ya kufagiliwa. Lakini twajiuliza neno moja. Bidii yote ile ilielekea kambini: nani afundishe, afundishe nini, aondoe wimbo gani. Na nyumbani je? Mwalimu wa mila alipopokewa na mwalimu wa dini, baba aliyebaki nyumbani alipewa kazi gani mpya badala ya miiko ile aliyoambiwa kwamba ni ushirikina?

Leo twaona majibu. Miiko imekwenda; karamu imebaki, tena imekua. Tuseme pana nyumba moja huko Newala, isiyo mbali na soko. Hatuitaji jina, kwa maana si moja. Baba aliuza korosho zake kwa stakabadhi ghalani, akaweka kando fedha ya kumtoa mzaliwa wake wa kwanza. Juni ilipofika alikodi vipaza sauti, akanunua mchele, akamchinja mbuzi, akawashonea dada zake vitenge vya sare. Mama hakulala siku tatu kwa kupika. Zamani, kabla ya mradi wa maji wa Makonde ulioanzishwa katika miaka ya 1950, wanawake wa uwanda ule waliteremka bondeni kutafuta maji, na karamu ya namna hiyo ingewaua kwa uchovu. Leo adha hiyo imepungua, na karamu imeongezeka kuijaza nafasi yake. Mtoto alibebwa mabegani, akatunzwa fedha. Mjomba aliandika katika daftari kila mtu alichotoa, ili siku ya kulipa isiwe na ubishi.

Mwezi ulipokwisha, baba yule alijua idadi ya kilo za mchele zilizoliwa. Alijua ndugu gani alitoa kidogo kuliko alivyotunzwa yeye mwaka jana. Hakujua mwanawe alifundishwa nini kumbini, maana hakuuliza. Hakujua kama mtoto aliogopa usiku wa kwanza. Huko kumbini mtoto aliambiwa kwamba mwanamume hutawala kinywa chake na tumbo lake. Usiku ule ule wa kutoka alimwona baba yake akishikiliwa na watu wawili ili afike kitandani. Sisi twasema kwamba hapo ndipo jeraha lisipofunga. Wala hakuna tabibu wa kulitibu.

Kuna mzazi atakayesema: ninyi mwadai mno. Katika shamrashamra ya ndugu mia mbili, baba atapata wapi nafasi ya kukaa na mtoto mmoja? Naye mtoto hakuwa peke yake. Alikuwa na babu, na wajomba, na binamu, na mapadre. Alikuwa katika mikono salama.

Neno hilo lina uzito, na Injili yenyewe yalijua. Mwinjili Luka asimulia kwamba wazazi wa Yesu walikwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka, na alipokuwa na miaka kumi na miwili, umri wa mwari wetu, alibaki nyuma wao walipoondoka. Hawakujua. Walidhani yumo katika msafara, kwa jamaa zao na watu waliojuana nao. Luka hawalaumu kwa kudhani hivyo, wala nasi hatuthubutu. Msafara wa ndugu ni mahali ambapo mzazi mwenye akili aweza kudhani mtoto wake yu salama. Lakini tazama walivyofanya. Mwisho wa mwendo wa siku moja walimtafuta. Hawakumaliza safari, hawakufika Nazareti na kupakua mizigo ndipo waulizane. Tena walipomkuta, alikuwa amekaa kati ya walimu walio bora kuliko wote katika nchi, nao wakistaajabia akili yake. Mzazi mwingine angejivuna na kuondoka. Mama yake alimwuliza kwa nini amewatenda hivi, akamweleza jinsi yeye na baba yake walivyohangaika. Ubora wa walimu haukuondoa swali la mama.

Tusieleweke kana kwamba twamtaka mzazi awe mwalimu wa mambo yote. Katika mila zetu yako maneno ambayo mama hamwambii binti yake uso kwa uso. Bibi huyasema, na kungwi huyasema kwa wimbo, na pana hekima katika haya hiyo. Binti husikia vema zaidi kwa mtu asiyeona haya mbele yake. Vivyo hivyo hesabu hufundishwa na mwalimu, na katekisimu na katekista. Kufundisha kwaweza kukabidhiwa. Kinachobaki kwa mzazi ni kujibu.

Hebu tufikiri habari ya msichana wa darasa la sita aliyetoka unyagoni mwezi wa Juni. Kungwi amemwambia kwamba sasa yeye ni mtu mzima. Julai anarudi shuleni, na mwalimu anamwambia kwamba yeye ni mtoto, akae chini asome, na mambo ya unyago ni ujinga. Kungwi amekwisha kupewa ujira wake na kanga zake, amekwenda zake. Mwalimu akishafunga darasa naye ana nyumba yake. Msichana ana maneno mawili kichwani yasiyopatana, na iko nyumba moja tu ambamo yote mawili hulala usiku. Mama akinyamaza kwa haya, mtu mwingine atamwamulia, na mara nyingi huyo ni kijana wa pikipiki anayemngoja njiani. Serikali ilirekebisha Sheria ya Elimu mwaka 2016, na amwoaye au kumtia mimba mwanafunzi aweza kufungwa hata miaka thelathini. Ni sheria nzito. Lakini huja baada ya msiba, na mahakama haiwezi kumwambia binti, jioni ya siku aliyotoka unyagoni, kwamba yote aliyosikia juu ya kuheshimu mwili wake ni kweli, na kwamba utu uzima alioambiwa una miaka yake ya kungojewa.

Kanisa katika kuadhimisha Ubatizo limetukumbusha jambo hili waziwazi. Katika utaratibu wa zamani msimamizi ndiye aliyemjibia mtoto. Utaratibu mpya wa kuwabatiza watoto, uliotolewa mwaka 1969, uliwaweka baba na mama mbele: wao ndio wanaoulizwa wanaliombea Kanisa nini kwa mtoto wao, na wao ndio wanaokiri kwamba wanajua wajibu wanaoutwaa. Msimamizi huulizwa baadaye, kama yu tayari kuwasaidia. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulikuwa umekwisha kusema mwaka 1965, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo, kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu, na kwamba wajibu huo ukikosekana ni vigumu sana kuuzibia pengo lake.

Basi na tujikosoe nasi tulio katika kazi za Kanisa, kwa maana lawama si ya baba wa Newala peke yake. Jumatatu kuna kwaya, Jumatano WAWATA, Alhamisi kamati ya ujenzi, Jumamosi alfajiri jumuiya, na Jumapili baada ya Misa mkutano ambao hauishi. Kila kimojawapo ni chema. Vikijumlishwa vyaweza kumfanya mama awe mtumishi wa kila nyumba isipokuwa yake. Hapa twaweza kujifunza hata kwa watu tusiopatana nao katika imani. Wako Wamormoni, wafuasi wa dini iliyoanzia Marekani katika karne ya kumi na tisa. Mafundisho yao siyo yetu, na Roma ilitamka mwaka 2001 kwamba ubatizo wao hauhesabiwi kuwa halali. Lakini mwaka 1915 wakuu wao waliwataka wazazi watenge jioni ya kukaa na watoto nyumbani, kusali, kuimba, kuzungumza na kucheza. Baadaye jioni hiyo ikawekwa kuwa Jumatatu, na shughuli za kanisa lao hazipangwi wakati huo. Ndilo linalotugusa: kwamba wakuu wa dini walijizuia wenyewe, wakasema, usiku huu si wetu. Hatujui paroko wangapi wangekuwa na moyo wa kutangaza hivyo. Twajua waamini wengi wangeshangaa kwanza, kisha wangeshukuru.

Wako ambao shida yao si mikutano. Baba yuko Dar es Salaam akilinda geti la mtu, au yuko Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma akifanya biashara ndogo, naye hutuma fedha ya jando kwa simu. Hatutamrushia jiwe. Fedha ile ni jasho lake, na bila hiyo mwanawe angetoka kumbini kwa aibu. Lakini tajiri wake akimpa ruhusa ya siku saba, na afikiri atazitumia siku zipi. Desturi ya sasa yamleta siku ya kutoka, penye vipaza sauti na picha. Angeweza kuja siku za kidonda, wakati hakuna ngoma, hakuna mgeni, na mtoto analala kwa shida. Akakaa nje ya kumbi na wanaume wengine kama desturi inavyoruhusu, akauliza habari zake kila asubuhi, na jioni akasali rozari na mama yake. Siku ya shangwe mjomba atatosha.

Mzee mmoja wa upande wa Masasi, aliyewapeleka wanawe watatu jandoni katika miaka ya nyuma, tulimwuliza walikula nini siku mzaliwa wake wa kwanza alipotoka. Alifikiri, akatikisa kichwa. Labda mbuzi, labda kuku, hakumbuki vema, ni zamani. Tukamwuliza yeye alikula nini mtoto alipokuwa ndani. Hapo alijibu mara moja. Ugali na mbaazi bila chumvi, akasema, na akataja idadi ya siku.